Akiba ya Kiwandani ni ya Nani? Mjadala wa Daraja Mbili

Hoja iliyo mezani: anayeanza kujifunza kompyuta aachwe aisukume prosesa kupita mwendo ulioandikwa na kiwanda, hata kama kompyuta yenyewe ni ya nyumbani na hakuna nyingine ya kushika nafasi yake.

Wanaojibizana ni wanne. Hawana majina kwa kuwa wametungwa ili kila upande wa hoja upate mtetezi. KIJANA amemaliza kidato cha sita, anakata na kuunganisha video za harusi nyumbani kwao Daraja Mbili, jijini Arusha. MAMA ndiye aliyelipia kompyuta. FUNDI ana meza ya matengenezo mtaani hapohapo, upande wa kuelekea Unga Limited. MWALIMU anafundisha elektroniki katika chuo kimoja mkoani. Mwendeshaji ni mwandishi.

MWENDESHAJI: Kijana, wewe ndiye uliyewasha moto. Tueleze ulichofanya, na utueleze kama unamweleza mtu asiyewahi kufungua kasha la kompyuta.

KIJANA: Shikamooni wote. Prosesa inafanya kazi kwa mapigo. Lipo pigo la msingi, kwa kawaida megahezi 100, yaani mara milioni 100 kwa sekunde. Prosesa inalizidisha pigo hilo kwa namba fulani. Namba ikiwa 34, mwendo ni gigahezi 3.4, ikiwa 40, ni 4.0. Kupandisha mwendo, ambako sisi vijana tunakuita ovakloki, ni kuingia kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio iliyo kwenye mazabodi, kabla Windows haijawaka na kuibadili ile namba. Yetu ni Ryzen 5 2600, toleo la mwaka 2018, ina viini sita. Kiwanda kimeandika 3.4, na yenyewe hujipandisha hadi 3.9 kazi ikiwa nyepesi. Nikirenda video, yaani nikiitoa iwe faili la mwisho, viini vyote vikishika kazi, inatulia kwenye 3.7 hivi. Mimi nimeifikisha 4.0 kwa viini vyote, na inashika. Sijatoa hata senti.

MAMA: Marahaba. Hiyo senti ambayo hujatoa tutaitafuta baadaye.

FUNDI: Kwanza tujue tunawazungumzia akina nani, maana wengine wataenda nyumbani kujaribu na wasione kitu. Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu ni Dell OptiPlex na HP zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo. Chukua OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye Core i5-3470. Ingia BIOS yake utafute pa kubadili namba: hakuna. Intel iliruhusu kizidisho kichezewe kikamilifu kwenye prosesa zenye herufi K mwishoni mwa jina; hizi nyingine imezifunga. Na Dell naye, kwenye mashine zake za ofisini, hakuweka hata ukurasa wa kuigusa. Hata Ryzen, ambazo AMD iliziacha wazi tangu 2017, zinategemea mazabodi. B350 na B450 zinakubali, A320 inakataa. Chalii ana bahati, alipata mtumba wenye B450.

KIJANA: Si bahati, kaka. Nilisoma kwanza ndipo nikanunua.

MAMA: Nani alinunua?

KIJANA: Nilichagua, mama. Ulinunua wewe.

MWENDESHAJI: Mwalimu, huu mwendo wa ziada unatoka wapi? Kiwanda kinawezaje kuuza kitu kikaacha nguvu ndani bila kuitoza?

MWALIMU: Kwa sababu kiwanda hakimjui mnunuzi. Prosesa za aina moja hukatwa kutoka kwenye bamba moja la silikoni, lakini hazizaliwi sawa. Kiwanda kinazipima na kuzipanga kwa madaraja: zinazovumilia mwendo mkubwa zinapewa jina la bei kubwa, nyingine jina la bei ndogo. Kisha kila daraja linaandikiwa mwendo ambao hata ile dhaifu kuliko zote ndani yake itauweza, kwenye chumba chenye joto, kwa miaka. Hiyo tofauti kati ya kilichoandikwa na kinachowezekana ndiyo akiba. Wakati mwingine ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, ya megahezi 300. Watu wakapandisha pigo la msingi kutoka 66 hadi 100, na nyingi zikakimbia kwa 450 bila kulalamika. Nusu nzima ya ziada, na ya bure.

KIJANA: Ndicho ninachosema! Akiba ipo. Kuiacha ilale ni kama kununua debe la mahindi ukaacha robo dukani.

MWALIMU: Ngoja nimalize. Hiyo ilikuwa 1998. Mwaka 2004 Intel iliishia gigahezi 3.8 kwenye Pentium 4, ikafuta mpango wa kuuza ya 4, kwa sababu joto lilikuwa limeshinda. Tangu hapo kampuni zikaongeza viini badala ya kuongeza mwendo. Na kuanzia 2008 Intel ilianza kuziachia Core i7 zijipandishe zenyewe zikiona joto na umeme vinaruhusu. AMD inafanya vivyo hivyo kwenye Ryzen. Ile kazi iliyokuwa ya mpenzi wa kompyuta usiku chumbani, siku hizi prosesa inaifanya yenyewe mara nyingi kwa sekunde. Kijana ametoka 3.7 hadi 4.0. Hiyo ni asilimia 8. Kazi ya dakika 60 inakwisha kwa dakika 55 na sehemu.

KIJANA: Dakika nne kwa kila saa, mwalimu. Msimu wa harusi, mafaili yamepangana, si haba.

MWALIMU: Sijasema ni haba. Nauliza umeilipia nini. Uliongeza volti?

KIJANA: Niliongeza. Kwenye volti ya kawaida ilikuwa inawaka, lakini ukiianzishia jaribio zito inaganda. Nikapandisha taratibu. Volti 1.20 ilikataa, nikafika 1.35 ikatulia.

MWALIMU: Basi tupige hesabu mbele ya mama. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sambamba na mwendo, lakini kwa volti unapanda kwa mraba wake. Chukua 1.35 ugawe kwa 1.20, jibu ulizidishe kwa lenyewe: unapata 1.27 hivi. Zidisha na ile 1.08 ya mwendo: 1.37. Kwa asilimia 8 ya mwendo umelipa asilimia 37 ya umeme. Kama prosesa ilikuwa inakula wati 75, sasa inakula zaidi kidogo ya 100. Na kila wati inayoingia inatoka ikiwa joto.

MAMA: Sasa tumefika kwangu. Hizo wati nani anazinunua?

KIJANA: Mama, tofauti ni wati 28. Nikirenda saa nane kila siku, mwezi mzima haifiki uniti saba. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti ni kama shilingi 2,000, kabla ya kodi na tozo. Video moja inarudisha.

MAMA: Wewe baba, unahesabu uniti za prosesa, mimi nahesabu za nyumba. Tuko kwenye matumizi madogo. Mwisho ni uniti 75 kwa mwezi, na ndani ya hizo uniti inauzwa shilingi 100. Kompyuta yako na kioo chake, hata bila huo mwendo wako, ni wati ngapi?

KIJANA: Zikifanya kazi kweli, 150 hivi.

MAMA: Kwa saa nane, siku 30?

KIJANA: Uniti 36.

MAMA: Karibu nusu ya kiwango changu chote. Bado friji, bado pasi, bado taa na televisheni ya mdogo wako. Ninaishi ukingoni. Hizo uniti saba zako ndizo zinazoweza kunitoa kwenye shilingi 100, na nikitoka, sitalipa zaidi kwa hizo saba peke yake. Wakinihamishia kundi la kawaida, kila uniti ya nyumba hii inapanda bei. Mwalimu, hesabu yako ya asilimia nimeipenda, lakini weka na hii.

MWALIMU: Naiweka, mama. Na ni nzito kuliko yangu.

MWENDESHAJI: Kijana, umebanwa. Una la kujibu?

KIJANA: Ninalo. Watu wanaotuogopesha kwa joto wanasahau tunakoishi. Hapa si Dar es Salaam. Januari Dar chumba kina nyuzi 32 na feni linasukuma hewa ya moto. Sisi Julai usiku tunashuka hadi karibu nyuzi 12. Prosesa inayopozwa kwa feni haiwezi kupoa chini ya joto la chumba, kwa hiyo kila nyuzi unayopunguza chumbani unapunguza na kwenye prosesa. Kule nje mabingwa wanatafuta ubaridi kwa gharama ya ajabu. Mwaka 2022 mmoja alivusha Core i9-13900K gigahezi 9 kwa kuimwagia heliamu ya kimiminika, baridi ya nyuzi karibu 269 chini ya sifuri. Sisi Mlima Meru unatupulizia bure.

FUNDI: Mlima unakupulizia, lakini unakupulizia hewa nyepesi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwalimu, nirekebishe kama nakosea: feni langu linazungusha ujazo uleule wa hewa hapa na Dar, lakini hapa ndani ya ujazo huo hewa yenyewe ni pungufu.

MWALIMU: Hukosei. Kwa joto lilelile, hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Prosesa ambayo pwani ingezidi joto la chumba kwa nyuzi 50, hapa ingezidi kwa 54 au 55. Lakini lazima nimtendee haki kijana: chumba chake kimemrudishia zaidi ya hizo nne au tano. Ukijumlisha yote, Arusha bado ni pazuri pa kupozea kompyuta kuliko Dar.

KIJANA: Asante, mwalimu.

MWALIMU: Usinishukuru, hiyo ni ya usiku wa Julai. Februari mchana, chini ya bati lisilo na dari, habari ni nyingine. Uliipima mwezi gani?

KIJANA: Julai.

FUNDI: Ehee! Sasa mniachie nafasi, kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na wote wawili. Mwalimu anasema kiwanda kimeacha akiba. Kijana anasema akiba ikichukuliwa ni faida. Mimi nauliza: mna hakika bado ipo? Nafungua makasha kila siku. Vumbi la kwetu hili la majivu ya volkano, kavu, laini, linaingia kwenye mapezi ya kipoza joto mpaka yanafanana na blanketi. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza imekauka, imekuwa chaki. Pawasaplai imeandikwa wati 500 kwenye stika, ukiipima uzito mkononi unajua ni uongo. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, na stabilaiza hakuna. Kapasita za mazabodi zimekula miaka kadhaa ofisini kwa watu kabla hazijapanda meli. Ile akiba kiwanda kilikuwa kimeiweka kwa ajili ya hayo hasa: chumba kibaya, umeme mbaya, uzee. Kwetu sisi imeshatumika. Mtu anayepandisha mwendo mashine ya namna hiyo hachukui ziada, anakopa.

MWENDESHAJI: Hilo ni jipya mezani. Mama?

MAMA: Naona fundi ananitazama mimi.

FUNDI: Sikutaka kusema mbele za watu, mama. Ni kile kitambaa.

MAMA: Kitambaa kimefanya nini? Nimekidarizi mwenyewe, kinazuia vumbi.

FUNDI: Kimefunika matundu ya juu ya kasha, ndipo hewa ya moto inapotokea. Kompyuta iliyofunikwa ikiwa inawaka inapata joto la kupandishwa mwendo bila kuupata mwendo wenyewe. Ifunike ikiwa imezimwa, mama, hapo kitambaa kinafanya kazi nzuri.

KIJANA: Nimelisema hilo mwaka mzima.

MAMA: Ulilisema ukiwa unataka kuweka taa za rangi.

KIJANA: Basi nimjibu fundi. Anasema akiba imeshatumika. Amejuaje? Kwa kutazama vumbi. Mimi nimejua kwa kupima. Nilipoanza, kabla sijagusa namba yoyote, niliiendesha kwa jaribio la Prime95, linaloishughulisha prosesa kuliko kazi yoyote ya kawaida, huku natazama joto. Ilikimbilia nyuzi 88, na mwisho wa prosesa hii ni 95. Nikajua siwezi kupandisha kitu. Nikafungua, nikapuliza vumbi, nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti, nikaweka mpya, tone dogo tu katikati. Ikashuka hadi 74 kwa mwendo uleule wa kiwanda. Ndipo nikaanza kupanda, robo ya kizidisho kwa robo, yaani megahezi 25 kila hatua, na kila hatua na jaribio lake. Ilipoganda nilirudi nyuma. Ilipokataa kabisa kuwaka, kioo cheusi, feni zinazunguka tu, nilizima, nikachomoa waya, nikatoa ile betri ya mviringo ya CR2032 kwenye mazabodi, nikasubiri, nikairudisha. Ikasahau niliyoiandikia, ikawaka kama ilivyotoka kiwandani.

MAMA: Hiyo siku ya kioo cheusi sikuambiwa.

KIJANA: Ulikuwa Kilombero sokoni, mama.

FUNDI: Nakubali kazi yako ilikuwa safi. Lakini sikiliza ulichosema. Nyuzi 14 ulizipata kwa brashi na pesti, na mwendo ulikuwa haujaguswa. Mimi wateja wananilipa kwa hizo nyuzi 14. Ungeishia hapo ungekuwa umemaliza.

KIJANA: Nisingefika hapo kama nisingetaka kwenda mbele yake! Nani anaamka asubuhi akasema leo nitabadili pesti? Na si joto tu. Nikiwa humohumo BIOS niligundua RAM yetu, ile kumbukumbu ya muda, imeandikwa 3000 lakini inakwenda 2133, kwa sababu aliyeiunganisha hakuwasha XMP, mpangilio wa kuipeleka RAM kwa mwendo ulioandikwa. Ryzen za kizazi hiki, njia inayounganisha viini ndani ya prosesa inakwenda kwa kufuata mwendo wa RAM, kwa hiyo ukiiacha RAM nyuma unachelewesha vyote. Niliiwasha, RAM ikaenda kama ilivyonunuliwa.

MWALIMU: Hapa kijana ana hoja, japo niongeze kwamba AMD yenyewe inaiahidi prosesa hiyo RAM ya hadi 2933 tu. Hata hiyo XMP ni kupandisha mwendo kwa jina la upole, na inastahili kupimwa. Uliipima?

KIJANA: Kwa MemTest86, usiku kucha. Haikuonyesha kosa.

MWALIMU: Vizuri. Maana kinachonitisha mimi kwenye hoja hii si kompyuta kuungua. Prosesa za leo zikifika kikomo cha joto zinajipunguza, na zikizidiwa zinajizima. Kinachonitisha ni kosa lisiloonekana. Prosesa au RAM iliyosukumwa karibu na mwisho wake haigandi kila mara. Inaweza kukosea hesabu moja katika mabilioni, ikaendelea kutabasamu. Kosa likianguka kwenye mchezo, rangi inaruka kidogo. Likianguka faili linapoandikwa diskini, faili limeharibika na hutajua mpaka siku unalifungua. Kijana, video za harusi ni za nani?

KIJANA: Za wateja.

MWALIMU: Bibi harusi atarudi kanisani akavishwe pete upya?

KIJANA: Hapana, mwalimu. Lakini naweka nakala. Zile za kamera hazifutwi mpaka mteja achukue.

MWALIMU: Endelea hivyo. Jambo la pili: volti. Mkondo ukipita kwa nguvu kwenye nyaya nyembamba mno ndani ya prosesa, elektroni husukuma atomu za shaba kidogo kidogo, na volti na joto huharakisha uchakavu. Si la siku moja, ni la miaka. Usidhani ni vitisho vya walimu. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi, zikaanza kuyumba, na zilizokwisha kuharibika hazikurekebishika kwa programu. Ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Kama kiwanda chenye maabara kinaweza kuila akiba yake mwenyewe kikajikwaa, sisi tuwe na adabu.

FUNDI: Na mwenye ya mtumba dhamana anaipeleka wapi?

MWENDESHAJI: Mwalimu, mpaka sasa unasikika kama mpinzani wa hoja. Ndivyo?

MWALIMU: Hapana, na nieleze kwa nini. Nchi hii iliwahi kuiogopa kompyuta mpaka ikaifungia mlango. Baada ya hasara za kuziingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta, mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wake. Miaka minne baadaye, 1978, hapa Arusha kikaanzishwa chuo cha ufundi. Muongo mmoja, nchi moja: mkono huu unazuia mashine, mkono ule unamfunza fundi. Zuio lilikuja kulegezwa, lakini tabia yake bado naiona darasani. Mwanafunzi anakuja mwaka wa kwanza akiwa ametumia kompyuta miaka mingi na hajawahi kuona ndani yake. Amefundishwa kwamba kifuniko hakifunguliwi. Kijana huyu, kwa kutafuta asilimia 8, amejua volti ni nini, joto linakwenda wapi, RAM inazungumzaje na prosesa, na jinsi ya kupima kitu kabla ya kukiamini. Kumfikisha mwanafunzi hapo kunanigharimu muhula.

MAMA: Mwalimu, hayo ni mazuri, na ninayapenda kwa mwanangu. Lakini chuoni wewe una kompyuta ngapi?

MWALIMU: Zipo za kutosha, na zipo mbovu za kufanyia mazoezi.

MAMA: Mimi ninayo moja. Ndiyo ninayoandikia hesabu za kikoba, ndiyo mdogo wake anayosomea, ndiyo inayoleta hela ya harusi. Nyote watatu mnaulizana akiba iko wapi, imebaki kiasi gani, itumikeje. Mimi nauliza swali la mtu anayetunza nyumba: ikiisha, nani anaziba pengo? Fundi atauza kipuri. Mwalimu ataeleza kilichotokea. Kijana atasikitika. Atakayenunua nyingine ni mimi. Basi neno la mwisho juu ya hiyo akiba ni langu, hata kama sijui inakaa upande gani wa kasha.

KIJANA: Kwa hiyo nirudishe kama zamani?

MAMA: Sijasema hivyo. Nimesikia pia kwamba ulipoisafisha ilipoa, na hiyo RAM tuliilipia ikawa inasinzia. Kazi ya namna hiyo nani atakukataza? Fundi, kuna njia ya kuipanga hiyo mashine isitoke kwenye uniti zangu na yeye asikose cha kujifunza?

FUNDI: Ipo, mama, na inatumia ujuzi uleule: kushusha volti. Aache mwendo wa kiwanda, apunguze volti hatua kwa hatua, apime vilevile kama alivyokuwa anapima akipanda. Hapo ndipo atajua kama akiba imebaki. Ikiwepo, ataipata ikiwa umeme pungufu na feni lisilopiga kelele.

MWALIMU: Kutoka 1.20 hadi 1.10 kwa mwendo uleule, prosesa inakula asilimia 16 pungufu. Wati 75 zinakuwa 63. Na hatari ya kosa la kimyakimya ipo palepale kama akishuka mno, kwa hiyo majaribio hayapungui. Kwa mwanafunzi ni somo lilelile, ila bili inakwenda upande wa mama.

KIJANA: Lakini mwendo unabaki uleule.

FUNDI: Mwendo unaoutafuta hauko kwenye prosesa, dogo. Mafaili yako yanasomwa kutoka kwenye diski ngumu ya sahani. Ukipata SSD, diski isiyo na sahani, hata ndogo ya mtumba iliyopimwa, utaona kompyuta inafungua miradi kwa namna ambayo gigahezi 4 haitakupa. Kurenda kwenyewe hakutabadilika sana, sikudanganyi. Lakini nusu ya muda wako hurendi. Unasubiri faili lifunguke.

KIJANA: Hilo nalijua. SSD inataka hela, ile namba haitaki. Ndiyo maana ovakloki ni ya watu wasio na hela.

MAMA: Ya watu wasio na hela, yenye umeme wa watu wasio na hela.

MWENDESHAJI: Tufunge. Sitapigisha kura, ila nitasema nilipofika mimi. Niliingia nikidhani swali ni ujasiri na woga: kijana jasiri, wakubwa waoga. Fundi ameniondoa hapo. Kiwanda kinaacha nafasi ndani ya mashine kwa ajili ya siku mbaya, na kwenye mashine nyingi za mtaa huu siku mbaya zilishaanza kabla hatujazinunua. Anayeanza na apande, ndiyo, lakini baada ya kurudisha kwanza kilichokwisha kuliwa: vumbi litoke, pesti ibadilishwe, pawasaplai ijulikane ni ya kweli, umeme upitie kwenye stabilaiza, nakala za kazi za watu ziwe mahali pengine. Apime mwezi wa joto, asipime Julai peke yake. Na kabla ya yote hayo aombe ruhusa kwa anayelipa, na amweleze kwa uniti, maana gigahezi si lugha yake. Mnakubaliana?

FUNDI: Mimi nakubali, ila kwa mashine ya mtumba bado nasema asiguse volti kwenda juu. Chini, ndiyo.

MWALIMU: Mimi ningemruhusu hata juu, kwa jaribio la siku moja, aandike alichokiona kisha aishushe. Anayeanza ajue mwisho wa mashine uko wapi, ila asikae huko.

KIJANA: Mimi sijakubali. Nyuzi zangu ziko sawa, majaribio yamepita, nakala ninazo. Mkisema ni hatari, nionyesheni kilichoharibika.

MAMA: Ndiyo maana nakwambia sasa, kabla hakijaharibika. Ijumaa utaishusha volti, fundi akiwepo, nami nitaitazama mita ya Luku mwezi mzima. Uniti zikipungua, hiyo tofauti ni yako, weka kwenye hiyo SSD.

KIJANA: Na nikipata kompyuta yangu mwenyewe?

MAMA: Ukiinunua kwa fedha yako, ipandishe mpaka uichemshie chai. Mita utafunga yako.